Maswali ya Wasomaji: Nani Atamlipa Anayezuia Maji ya Mvua?

Barua za toleo hili zimetoka Nakuru, Kisumu na Kakamega, na zote zinahusu maji yanayoteremka kutoka kwenye paa pamoja na fedha zinazoingia, au zisizoingia, mfukoni mwa mwenye nyumba. Tumezifupisha bila kugusa hoja zake.

SWALI: Mwandishi wa safu, salamu. Nina ploti ya robo ekari Kiamunyi, Nakuru, na mchora ramani amenichorea nyumba za kupangisha za ghorofa tatu. Mwanangu anayesoma ng'ambo ananiambia kwamba huko aliko, mwenye jengo akizuia maji ya mvua yasikimbilie mtaroni, baraza la mji humpunguzia ada. Je, kaunti yetu inatoa nafuu ya namna hiyo? Na kama haitoi, kwa nini nigharimike kwa ajili ya mtaro wa barabara ambao si wangu? — Mzee mwenye ploti, Kiamunyi

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Kijana amekuambia kweli, ila amekupa mwisho wa habari bila kukupa mwanzo wake. Jiji la Portland huko Marekani humpunguzia ada mwenye jengo ambaye maji ya paa lake hubaki ardhini mwake, kwa sababu wenye majengo wa jiji hilo tayari hutozwa ada ya maji ya mvua ndani ya bili ya maji. Berlin, tangu mwaka 2000, hutoza maji ya mvua kando na majitaka, kwa kuhesabu kila mita ya mraba ya paa, lami na saruji ambayo maji yake huingia kwenye mifereji ya jiji. Anayebomoa saruji ya uani na kupanda majani huona bili yake ikishuka. Ada ilitangulia, nafuu ikafuata. Sasa chukua bili yako ya maji hapo Nakuru uisome kutoka juu hadi chini. Utakuta maji, utakuta majitaka ikiwa mtaa wako umeunganishwa, lakini mstari wa maji ya mvua hutauona, na kisichotozwa hakipunguzwi.

Utauliza, basi kwa nini wasipunguze kodi ya viwanja? Hapo nako kuna kikwazo ambacho watu wengi hawakioni. Kwa desturi ya miji yetu tangu zamani, kodi hiyo imekuwa ikitozwa kwa kukadiria thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Jirani yako aliyemwaga zege ukuta kwa ukuta analipa sawa na bibi aliyeacha nusu ya kiwanja chake kuwa bustani ya mboga, mradi viwanja vyao vinalingana. Utaratibu huo ulikusudiwa kumsukuma mwenye ardhi ajenge badala ya kuiacha ikae bure, na kwa maoni yangu umefaulu kupita kiasi, maana haumuulizi mtu yeyote maji yake yanakwenda wapi.

Si kwamba kaunti haina mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeikabidhi mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, na kodi ya viwanja ni yake kwa Kifungu cha 209. Lakini Kifungu cha 210 kinasema kodi haiondolewi wala kubadilishwa ila kwa sheria iliyotungwa, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake na kuripotiwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo mtu akikuahidi katika korido ya ofisi kwamba ukiweka tenki atakukatia kodi, mshukuru kwa ukarimu wake, kisha mwombe akuonyeshe ni sheria gani ya kaunti inayomruhusu.

Kuna nafuu nyingine ambayo haihitaji kugusa kodi, nayo ni muda. Chicago ilianzisha mwaka 2005 utaratibu wa kuharakisha vibali vya majengo yanayojali mazingira, na mjenzi aliyetimiza masharti aliweza kupata kibali ndani ya mwezi mmoja hivi. Hapa kwetu, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa amekubaliwa, ingawa mkandarasi mwenye busara haanzi kuchimba msingi kwa kutegemea ukimya wa ofisi. Kaunti ikiamua kwamba ramani inayoonyesha tenki, bustani na njia ya maji itajibiwa kwa nusu ya muda huo, haitapoteza shilingi ya kodi, na wewe unayelipa riba ya mkopo wa benki utaiona faida kabla ya tofali la kwanza. Nafuu ya aina hii ndiyo ningependa Nakuru ianze nayo.

Swali lako la mwisho ndilo zito. Tuseme paa lako litakuwa na mita 20 kwa 12, yaani mita za mraba 240. Katika mwaka wa milimita 900 za mvua, hata ukiacha moja ya tano ipotee kwa mrusho na uvukizi, unapata zaidi ya lita 170,000. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo, na ushahidi wake tunauona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu. Maji ya paa hayana floraidi ya kusemwa. Mpangaji aliyekwisha kuishi Nakuru anajua tofauti hiyo na hulipia nyumba yenye tenki bila kubembelezwa. Tena kumbuka kwamba Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kila mafuta ya gari na kila mfuko unaosukumwa na maji kutoka miteremko ya Menengai na kufika ziwani hubaki humo. Mtaro si wako, sawa, lakini usiseme kwamba unachokimwaga ndani yake kinakwenda kwa wengine.

SWALI: Sisi ni kamati ya shule ya msingi huko Kaptembwo, Nakuru. Maji ya mabati ya madarasa yanachimba uwanja. Fundi anashauri tuchimbe mashimo matatu ya futi ishirini, tuyajaze mawe, maji yote yaingie humo yamezwe na ardhi. Anasema huo ndio ujenzi wa kisasa unaojali mazingira, na siku kaunti itakapoanza kutoa motisha sisi tutakuwa tumetangulia. Tumpe kazi? — Kamati ya shule, Kaptembwo

JIBU: Msimpe. Namheshimu fundi wenu, na katika miji mingi ushauri wake ungekuwa sahihi kabisa, lakini si kwenye ardhi ya upande wenu wa mji. Nakuru imekaa juu ya jivu la volkano na mchanga mwepesi uliofunika nyufa za kale za Bonde la Ufa. Jivu hilo likiwa kavu hubeba nyumba vizuri; likipitiwa na maji mengi mahali pamoja, chembe zake huchukuliwa na kuteremka kwenye ufa ulio chini, na tundu hukua kimyakimya hadi dari lake linaposhindwa kujibeba. Ardhi imepasuka na kudidimia mara kadhaa wakati wa mvua katika mitaa ya Nakuru kama Kaptembwo, Rhoda na London. Mtakumbuka pia Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatwa na ufa mkubwa karibu na Suswa. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua ilizoa jivu lililokuwa limejaza ufa wa zamani. Shimo la futi ishirini linalopokea maji ya madarasa yote ni kuialika hali hiyo chini ya miguu ya watoto.

Tembeeni uwanjani mara baada ya mvua kubwa, mkatazame. Mkiona mstari mwembamba ulionyooka kwenye udongo, au ukuta uliopasuka kwa mshazari kuanzia pembe ya dirisha, au mtaro ambao maji yake yanazama ghafla bila kutokea upande wa pili, wekeni kamba pale watoto wasikaribie na mwite ofisi ya kaunti inayohusika na ujenzi pamoja na mwanajiolojia. Watu hufurahi wanapoona maji yanazama upesi. Kwa Nakuru, kuzama upesi kupita kiasi ndiko kunakopaswa kuwatia hofu.

Kinachowafaa ni gata nzuri na matenki, mengi kadiri mfuko wa shule unavyoruhusu, na maji yanayozidi yaongozwe kwenye mtaro uliosakafiwa hadi mbali na majengo. Bustani ya majani inaweza kupokea maji ya uwanjani ikiwa ni pana na ya kina kifupi, ili maji yatandae badala ya kujikusanya. Na kama kaunti itatunga sheria ya motisha, ombi langu kwa waandishi wake ni kwamba isimlipe mtu kwa shimo la kumeza maji ndani ya ukanda wa nyufa, maana itakuwa inatumia fedha za umma kununua maafa.

SWALI: Nina nyumba nane za kupangisha Nyalenda, Kisumu. Mwaka jana nilichimba shimo la kunyonya maji ya paa kama nilivyoona kwenye video. Limejaa tangu masika, halishuki, mbu wamezaliana na wapangaji wananilaumu. Nilikosea wapi? — Mama mwenye nyumba, Nyalenda

JIBU: Mama, pole. Ardhi haikukubaliana na video. Sehemu kubwa ya Nyalenda, kama ilivyo Nyamasaria na tambarare ya Kano, ina ule udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kunata kwenye gumboti wakati wa masika. Ukilowa huvimba na kujifunga, na maji hayapiti tena. Isitoshe, maji ya ardhini kwenu yako karibu sana na uso wa nchi wakati wa mvua, hivyo inawezekana kwamba kilichomo shimoni si maji ya paa peke yake. Ndiyo maana nakuomba kwanza upime umbali kutoka shimo hilo hadi kwenye choo cha shimo kilicho karibu, chako au cha jirani. Choo kikiwa hatua chache tu, shimo lifukiwe wiki hii, na watoto wasiyaguse maji hayo hata kwa kumwagilia sukuma wiki.

Kabla ya mtu yeyote kuchimba, kuna jaribio ambalo halimgharimu ila jembe na ndoo. Chimba kishimo cha upana wa futi moja hadi kina unachokusudia, kijaze maji jioni uyaache yanywewe usiku kucha, asubuhi ukijaze tena, usimamishe kijiti chenye alama, kisha uangalie maji yameshuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita moja na nusu hivi, usichimbe shimo la kunyonya. Ardhi imekwisha kukupa jibu.

Unachohitaji wewe ni kuyachelewesha maji. Jambo hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalosahauliwa na wengi wanaonunua tenki. Tenki lililojaa halizuii mafuriko. Mvua ya pili ikija, yote hupita juu na kwenda zake. Chukua matenki mawili ya lita 10,000 kwa paa la mita za mraba 240. Nusu ya chini ya kila tenki iwe ya kufulia na kusafishia. Katikati ya ubavu, mwambie fundi aweke bomba la nusu inchi lisilo na koki, liwe wazi daima, likielekea mtaroni, na lifunikwe kwa wavu ili mbu wasiingie na majani yasilizibe. Mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja, ambayo si ajabu Kisumu, huteremsha takriban lita 8,600 kutoka kwenye paa hilo. Nafasi tupu ya juu katika matenki yote mawili huyabeba, na mabomba yale membamba huchukua saa tano au sita kuyatoa. Mtaro wa Nyalenda, ambao ungepokea yote kwa mkupuo mmoja wakati kila nyumba inaumwagia, unayapata maji yako baada ya mvua kupita na mto Auji kuanza kutulia. Mvua ya kesho yake itakuta nafasi.

Kama nyumba zako ziko upande wa mto Auji, kumbuka pia ukanda wa kingo za mto usioruhusiwa kujengwa. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka upana wake kuwa mita zisizopungua 6 wala kuzidi 30 kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko, na hakuna motisha yoyote itakayomhalalisha aliyejenga ndani ya ukanda huo, hata paa lake likiwa na bustani.

SWALI: Kabro hunyonya maji? Muuzaji hapa Kakamega anasema ndiyo. — Msomaji, Lurambi

JIBU: Kabro ya kawaida, yaani vile vitofali vya zege vya kutandika uani, iliyopangwa kwa kubanana juu ya moramu iliyoshindiliwa, hunyonya kidogo mno, na baada ya miezi michache tope huziba mianya na ua huwa kama sakafu. Inayopitisha maji ni ile iliyoachiwa nafasi, nafasi hizo zikajazwa kokoto ndogo zisizo na vumbi, na chini yake pakawekwa tabaka nene la kokoto zisizochanganywa na mchanga. Kwa mvua za Kakamega, zinazokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza. Mwambie muuzaji amwage ndoo moja mbele yako kabla hujamlipa.

SWALI: Sisi ni chama cha wakazi wa Migosi, Kisumu. Tunataka kuandikia bunge la kaunti pendekezo kwamba mwenye jengo anayehifadhi maji ya mvua na kutumia umeme wa jua apunguziwe kodi. Tuanzie wapi, na tuombe kiasi gani? — Katibu wa chama

JIBU: Ndugu katibu, mfano mnaoutafuta msiufuate Ulaya. Pune, nchini India, ambako bili hazilipwi kwa urahisi na mitaro huziba kama ya kwetu, humpunguzia mwenye nyumba asilimia 5 ya kodi ya jengo akiwa na moja kati ya mambo haya: kuvuna maji ya mvua, kupasha maji kwa jua au kugeuza taka kuwa mbolea, akiwa na mawili au zaidi, asilimia 10. Kiwango hicho ni kidogo kiasi kwamba hakiitikisi hazina ya mji, na ni rahisi kiasi kwamba karani anaweza kukieleza dirishani.

Lakini hesabuni mapema ni nani atakayefaidika. Mpangaji wa Manyatta halipi kodi ya viwanja moja kwa moja, wala mwenye nyumba asiye na hati. Nafuu ya kodi peke yake itakwenda kwa wenye nacho wa Milimani na Riat, huku maji yakiendelea kuingia nyumba za Nyalenda. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, pendekezo lenu liwe na sehemu mbili zinazotegemeana. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inayotoa. Ombeni ada ndogo kwa majengo mapya makubwa tu, ihesabiwe kwa mita za mraba za paa na zege, na aliyeweka matenki ya kuchelewesha maji apunguziwe ada hiyo. Fedha zitakazopatikana zifungwe kwa kazi ya mitaro ya mitaa ya chini. Najua kuomba ada mpya hakumpendezi mwanasiasa, na mwakilishi wadi wenu huenda akakohoa akilisikia, lakini bila ada hiyo mtakuwa mnaomba wenye nacho wasamehewe na wasio nacho wasubiri.

Andikeni pia kwamba nafuu idumu miaka michache, tuseme mitatu, kisha iombwe upya baada ya ukaguzi. Nimeona matenki yaliyosimama mbele ya nyumba kama mapambo, gata imeng'oka upande mmoja na bomba limekatwa, na mwenye nyumba bado anayataja kwa fahari. Mkaguzi asitosheke kuona tenki. Apande ngazi, amwage ndoo kwenye gata na ashuke kuona maji yametokea wapi.

Kuhusu wakati, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti haziruki bila kuulizwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ada na nafuu zenyewe huingia kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, ambao hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti kuidhinishwa. Vyama vingi hujitokeza kwenye kikao cha maoni ya umma cha mswada huo, husema vizuri, hupigiwa makofi, na hakuna kinachobadilika, kwa sababu wakati huo takwimu zimekwisha kufungwa. Nendeni kwenye waraka wa Februari. Pelekeni maandishi ya kurasa mbili au tatu yenye mfano wa paa moja la Migosi mlilolipima wenyewe, nakala moja kwa karani wa bunge la kaunti, nyingine kwa bodi ya jiji na nyingine kwa waziri wa fedha wa kaunti, na msiondoke dirishani kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.